Moto wa Banda la Farasi

Juzi nilikwenda Miyuji kumtazama mjukuu wangu, na jioni akawasha samadi kavu mlangoni mwa zizi lake ili kufukuza mbu. Moshi uliponifikia niliweka chini kikombe cha chai. Mjukuu akadhani unanichoma macho, akanihamishia kiti. Wewe ndugu yangu uliyekulia Ugogo unaujua moshi huo mzito, wenye harufu ya nyasi na ng'ombe. Kwangu mimi ni harufu ya farasi, na ya baba.

Wakati huo nchi ilikuwa mikononi mwa Mjerumani. Boma lake lilikuwa juu ya kilima, nasi tuliishi chini, kwenye tembe la bibi mzaa baba. Bwana wa boma alikuwa na farasi mmoja wa rangi ya kahawia. Mtunzaji aliyetoka naye pwani alikufa kwa homa, na kwa kuwa baba aliswaga punda wa misafara ujanani, askari walimfuata shambani wakamkabidhi hatamu. Hakuulizwa kama anataka. "Punda mrefu tu huyo," aliwaambia majirani, lakini mama alituambia kwamba usiku hakulala.

Basi akajifunza. Asubuhi alichokonoa kwato, akasugua mgongo kwa konzi ya nyasi mpaka ukang'aa, kisha akangoja umande ukauke ndipo ampeleke malishoni, maana bwana alisema nyasi zenye umande huua farasi. Kabla jua halijazama farasi alikuwa bandani tayari, na moto wa samadi ukifuka mlangoni. Huo haukuruhusiwa kuzimika. Farasi wa bwana waliotangulia walikufa kwa wadudu wa jioni, naye alikwisha kumwambia baba mbele za watu kwamba huyu akifa, ni kiboko. Samadi tuliiokota mimi na mama, kikapu baada ya kikapu. Siku moja baba alinipandisha mgongoni mwa farasi kutoka kisimani. Nikaliona paa la tembe letu kwa juu, mlenda wa bibi umeanikwa, nikacheka mpaka baba akaniziba mdomo askari wasije wakasikia. Sijawahi kucheka vile tena.

Mwaka uliofuata mvua zilikataa. Uwele uliopandwa vumbini uliliwa na panya, tukawa tunatafuna ubuyu na kuchimba mizizi. Ndipo mtemi, ambaye mvua ilikuwa kazi yake, akapeleka neno nyumba kwa nyumba: kila moto uzimwe jioni ile, na asubuhi moto mpya utatoka kwake na kugawiwa. Ukibaki hata mmoja wa zamani, mvua itageuka njiani. Ndivyo tulivyoamini, na mimi niliamini kama wenzangu.

Bwana alikuwa safarini kudai kodi. Alimwacha farasi kwa sababu njia ile ilikuwa na mbung'o. Bibi akapanda kilima, akasimama mlangoni mwa banda.

"Mwanangu, umebaki moto wako tu."

"Mama, nikiuzima, huyu akifa watanilaza chini."

"Najua. Na usipouzima, watoto wa wenzio watalala wasiamke."

Baba alimtazama farasi, akamtazama bibi, kisha akachukua kata ya maji akaumwagia moto. Aliendelea kusimama pale akimpepea farasi kwa mkia wa ng'ombe mpaka mkono ukafa ganzi. Wadudu wakaja hivyo hivyo.

Asubuhi tukaletewa moto mpya. Siku chache baadaye mvua ikaja, mvua ya kweli, na watu wakatoka kucheza matopeni. Wao wakiimba, farasi alikuwa anavimba juu ya macho. Kisha povu jeupe likamtoka puani, akaanguka. Baba alikipakata kichwa chake mpaka mwisho.

Bwana akarudi. Baba alilazwa uwanjani akachapwa hamsa ishirini, viboko ishirini na vitano, na majirani wakaitwa watazame. Walitazama miguu yao. Nyumbani alilala kifudifudi, mama akimkanda kwa maji ya moto, lakini paa la udongo lilivuja na vidonda vilikataa kukauka. Majirani waliokuja kutupa pole walinong'onezana kwamba mshika mawili moja humponyoka. Nilitamani kuwafukuza kwa mawe. Baba alikufa uwele ukianza kutoa masuke.

Siku hizi mvua ikichelewa watu hufungulia redio. Moto unatoka kwenye kiberiti, na hakuna anayeweza kuiambia nchi nzima ikae gizani ikatii. Nimewauliza wengi, na hakuna anayekumbuka kwamba kilimani pale palikuwa na farasi. Bwana alikwenda zake na wenzake. Kaburi la baba limelimwa.

Mavuno ya mwaka ule yalipofika, bibi alisonga ugali wa kwanza wa uwele ule, akamega tonge, akapanda nalo mpaka kwenye banda tupu, akalizika katika majivu ya moto aliouzima baba. Aliporudi akatugawia sisi. Nilimchukia siku ile, ndugu yangu, nikamchukia na mtemi na mvua yenyewe. Na nilikula mpaka nikalamba chungu.