Benchi la Jumba la Jiji

Likizo iliyopita dada yangu, binti wa mama mkubwa, alikuja kututembelea kutoka Bukavu. Nilimpangia ziara ya maana: ziwa, nyani, chipsi. Yeye akataka Jumba la Jiji. Hapa Kampala mtu huenda Jumba la Jiji kwa sababu duka lake limepigwa kufuli na watu wa jiji, siyo kulitazama! Lakini dada anasomea uchoraji wa majengo, na mwalimu wake alidai mchoro wa ngazi za jengo la zege la enzi za babu zetu. Asipoupeleka Jumatatu, anarudia muhula. Na siku tuliyokwenda, basi lake lilikuwa linaondoka jioni ileile.

Mlangoni askari aliona simu. "Hakuna picha!"

Nikamsalimia kwa Kiswahili cha kambini, maana baba yangu ni polisi. Akatabasamu. "Mtoto wa kambi, karibu sana. Picha hakuna."

Basi, penseli.

Ndani nikajikuta nimeinua kichwa kama mtalii. Ngazi zilipanda utadhani hazishikwi na kitu, na mwanga ulipenya kwenye matundu ya ukuta ukazichora mistari. Dada akaketi kwenye benchi, akaanza.

Kosa. Benchi lile ndilo foleni. Wa mbele akiitwa dirishani, wote mnasogeza makalio nafasi moja. Dada alikuwa na ngazi tatu tu kwenye karatasi, mama mmoja mwenye mfuko wa risiti akamsukuma kwa nyonga.

"Nyabo, bibie, sogea."

Akasogea. Kila kitu kikaonekana kwa upande mwingine. Akafuta. Akasukumwa. Akafuta. Hatimaye tukafika dirishani.

"Shida yenu?" karani akauliza.

"Hatuna shida, mama," dada akajibu.

Nadhani hakuwahi kusikia jibu hilo. "Basi rudini nyuma!"

Mara ya pili mambo yakawa yaleyale. Saa nane ilipogonga karatasi ilikuwa imetoboka kwa kufutwa, na dada alikuwa anameza machozi. Nikamwinamia yule mama wa risiti, ambaye naye alikuwa amerudishwa nyuma. "Huyu ametumwa kukagua benchi. Anaandika wanaosukuma."

Habari ikakimbia benchi zima. Watu wakanyooka kama wanapigwa picha ya pasipoti. Karani akaita anayefuata mara tatu, hakuna aliyenyanyuka. Akatoka mwenyewe.

"Nani anakagua hapa?"

Vidole kumi vikamwelekea dada. Dada akanitazama jicho la kunichinja, kisha akafungua daftari, akaeleza ukweli wote: mwalimu, Jumatatu, basi.

Karani akaangalia mchoro, halafu ngazi, halafu mchoro. "Miaka yote napanda hizi na kikombe changu cha chai," akasema. Akaingia ofisini, akavuta kiti chake mwenyewe, akakibandika ukutani. "Kaa. Hiki hakisogei." Akanigeukia. "Na wewe mkaguzi, nafasi yake kwenye benchi ni yako."

Akahudumia watu amesimama. Mimi nikasukumwa na nyonga za kila ukubwa, nikafika dirishani, nikarudishwa mkiani, bila huruma.

"Shida yako?" akaniuliza mara ya tatu.

"Mdomo, mama."

"Rudi nyuma."

Nilipoketi tena mkiani, dada alikuwa anapuliza vumbi la kifutio. Ngazi zote zilikuwa kwenye karatasi, pamoja na mistari ya mwanga.

"Mudogo yangu," akasema, "simama, tukimbilie basi."

Sikuwahi kunyanyuka kwenye benchi haraka hivyo.