Omari Hayumo Kitabuni

Hadi leo sijaamini yaliyonifika nikifundisha darasa la pili hapa kisiwani Ndau. Ratiba niliyoibandika ukutani ilisema kila siku nisome, watoto wasome wenyewe, kisha waandike. Lakini mimi, mtu wa bara niliyependa sauti yangu, nilisoma hadithi ileile peke yangu hadi kengele, nikikatiza tu kumkemea Omari asiyetulia. Watoto waliozoea kuhifadhi Kurani chuoni wakanihifadhi mimi.

Afisa wa elimu alipokuja, nikamwita Zuhura kwa mbwembwe. Akasoma bila kukwama, kidole kikifuata maneno.

"Sungura akafika kisimani, wewe Omari kaa chini, akachungulia maji..."

Afisa akainamia kitabu.

"Mwalimu, huyu Omari yuko ukurasa gani?"

Kule nyuma, Omari, aliyekuwa amesimama, akakaa chini mbio.