Mlingoti wa Benchi la Tatu

Kanisani walimbandika jina la Mlingoti, likamganda. Mchungaji akishasema "tuombe", kanisa zima linashuka magotini, puu! Anabaki mama mmoja tu, benchi la tatu, wima, viganja wazi, macho kafumba, anatabasamu. Anatabasamu, jamani! Hilo ndilo lililowachoma watu zaidi. Mzee wa kanisa alimwita pembeni akamweleza kwa upole kwamba mbele za Mungu watu hunyenyekea. "Nanyenyekea, mzee wangu," akajibu, na Jumapili iliyofuata akasimama vilevile.

Maneno ya watu hayakumkosesha usingizi. Kilichomkata maini ni binti yake wa pekee, karani wa ofisi ya bima, aliyeanza kukaa benchi la nyuma kabisa. "Mama, unaniaibisha," alimwambia siku moja wakitoka. "Kupiga magoti tu kunakushinda?" Mama akashika njia. Wamebaki wawili tu duniani, na sasa hata kanisani hawakai pamoja! Alifika nyumbani akalia mpaka kichwa kikamuuma.

Ijumaa moja binti akasahau funguo za nyumba, ikambidi amfuate mama kazini, jengo la ghorofa sita ambalo hakuwahi kulikanyaga. Alimkuta kwenye ngazi za ghorofa ya nne, kapiga magoti juu ya gunia lililokunjwa, brashi mkononi, ndoo ya maji ya sabuni ubavuni. Viatu vya watu vinapita karibu kabisa na vidole vyake. Bwana mmoja akamwonyesha doa kwa ncha ya kiatu, hata neno hakutoa, akaenda zake. Mama akajikokota kwa magoti mpaka pale, akasugua.

"Kila siku ni hivi?" binti akauliza.

"Mwaka wa ishirini na mbili huu. Ndiyo kazi iliyokusomesha."

"Kwa hiyo Jumapili..."

"Wiki nzima niko magotini kwa watu, mwanangu, na hakuna anayeniambia inuka. Jumapili nikiingia pale, moyoni namsikia Mungu: 'Mama, inuka nikuone.' Sasa nimkatalie? Nasimama, namshukuru. Hata ningekuwa na ndimi kumi zisingetosha."

Binti akaketi palepale ngazini, kwenye unyevu, akaushika mkono wa mama yake wenye sabuni, akalia kwa aibu.

Jumapili akaja benchi la tatu. Mama alifurahi hadi akakosea wimbo. Mchungaji akasema tuombe, watu wakashuka, na binti akabaki wima kando ya mama yake, kifua mbele, anawasubiri wanaosema waseme.

Mama akafumbua jicho moja.

"We! Shuka," akamnong'oneza. "Wiki nzima umekaa kwenye kiti. Piga magoti umshukuru aliyekupa kiti hicho."

Binti akashuka, kicheko na machozi vikimjia kwa pamoja, na mkono wa mama ukamtua kichwani.