Upande wa Jua

Nilipostaafu udereva wa serikali, mke wangu alinichinjia jogoo. Wiki ya pili akaniuliza, kwa upole kabisa, kama sina safari yoyote.

Nilicheka, nikadhani ananitania. Kwa miaka mingi nilikuwa nimeendesha Landrova la idara ya maji, nikizunguka Ufipa yote na kushuka mpaka bondeni Rukwa. Nyumbani kwetu Katandala, Sumbawanga, nilikuwa nafika kama mgeni, jioni, nikiwa na kitoweo mkononi na habari za njiani. Maji ya kuoga yalichemshwa, watoto waliambiwa wanyamaze baba apumzike. Baada ya siku mbili tatu niliondoka tena kabla sijamchosha mtu. Heshima yote niliyokuwa nayo ndani ya ile nyumba niliipata kwa sababu ya kuondoka, lakini mimi nilidhani ni tabia yangu nzuri.

Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara ilipoachiwa huru. Idara zilikuwa zinapunguza watu, vitu vilikuwa vimerudi madukani, mitumba ilijaa sokoni, na kila mwenye pikapu alikuwa anabeba abiria. Wenzangu walinishauri na mimi ninunue gari kuukuu nifanye biashara. Lakini mgongo wangu ulikuwa umeharibika kwa mashimo ya barabara zetu, na kiinua mgongo nilichopewa hakikuuinua. Nikanunua kiti cha kuegemea, na redio ya kaseti iliyoletwa kutoka Tunduma. Nikawa tayari kuishi.

Anayeijua Sumbawanga anaijua baridi yake. Mwezi wa sita na wa saba upepo unapita uwandani bila kizuizi, na mtu anatafuta jua kama mwingine anavyotafuta kivuli. Nyuma ya nyumba yetu kulikuwa na ukuta ambao miezi hiyo ulipigwa na jua kutwa. Nikakibeba kiti changu nikakiweka pale.

Sikuwa wa kwanza kuugundua ule ukuta. Kila siku, kazi za asubuhi zikiisha, mke wangu alikaa pale na rafiki zake watatu. Walitandaza mikeka, wakachambua maharage, wakapepeta ulezi, wakanyoosha miguu juani. Mmoja alikuwa jirani yetu wa ng'ambo ya ua. Wa pili alitoka Kizwite, alikuwa muuza vitunguu mwenye sauti kubwa kuliko mwili wake. Wa tatu alikuwa mjane aliyetuzidi sote umri, mzaliwa wa kijiji cha Msanzi, aliyekuja taratibu na fimbo kwa sababu ya magoti. Mke wangu alimwita dada, kwa hiyo mimi nilimwita shemeji.

Walinisogezea nafasi. "Karibu shemeji," wakasema wote, na nikawaamini.

Nilipenda kuwa pale. Nilitegemea wanapenda na wao. Niliwaonyesha namna bora ya kupepeta kwa kufuata upepo. Niliwashauri kuhusu magunia. Taarifa ya habari ilipoanza redioni niliinua mkono, wakanyamaza, na ilipokwisha niliwaeleza tena nilichosikia, kwa faida yao. Jikoni nilipanga upya kuni kwa ukubwa, kama vile tulivyokuwa tunapanga spana karakana. Jioni mke wangu alikuta kuni nyembamba za kuwashia ziko chini ya magogo yote. Alizivuta moja moja, na mimi nikasimama mlangoni nikimweleza faida ya utaratibu ule.

Sasa nije kwenye siku ninayoikumbuka zaidi.

Yule mjane alikuwa na hadithi yake moja ambayo wenzake walimwomba kila baada ya muda, kama watu wanavyoomba wimbo. Ilikuwa hadithi ya harusi yake. Siku hiyo muuza vitunguu ndiye aliyeanza: "Dada, hebu tuambie ulivyokuja."

Mjane akaacha maharage, akafuta mikono kwenye kitenge.

"Nilikuja kwa lori," akasema. "Katika ukoo wetu wote, mimi ndiye wa kwanza kuolewa kwa lori. Wenzangu wote walitembea. Mume wangu aliongea na dereva wa misheni, nikakaa mbele, kwenye kiti, nimevaa viatu. Mama yangu alilikimbilia lile lori mpaka mtoni analia, na mimi nampungia mkono. Tulipofika mtoni tukavuka..."

"Mto upi?" nikauliza.

Akautaja. Ulikuwa mto mdogo ninaoufahamu kama ninavyofahamu kiganja changu.

"Haiwezekani," nikasema. "Miaka hiyo pale hapakuwa na daraja. Daraja lile nimelikuta likijengwa, mimi mwenyewe nilipeleka saruji. Gari lisingeweza kuvuka. Labda ulikuja kwa miguu, lori ukalipandia mbele ya safari."

Nilisema kwa nia njema. Nilikuwa nimezoea kuulizwa habari za barabara na wakubwa wa mkoa, na kwa muda mrefu hakuna aliyekuwa ameniuliza chochote.

Mke wangu alinitazama. Mjane alibaki ameinamisha kichwa, anafikiri kweli kweli, kama mtoto aliyeulizwa swali darasani.

"Basi labda," akasema. "Ni zamani. Labda nimesahau."

Akachukua tena ungo wake. Hadithi haikuendelea, na mimi nikaongeza sauti ya redio.

Baada ya hapo walianza kupungua. Jirani alikuwa na wageni. Muuza vitunguu alisema soko limechangamka. Mjane magoti yalimzuia. Sikuona ajabu, na niseme kweli, nilifurahia utulivu. Nilikuwa na ukuta mzima peke yangu.

Siku moja betri za redio ziliisha. Katika ule ukimya nikasikia kicheko ng'ambo ya ua, kicheko cha mwanamke anayecheka mpaka anakohoa. Nilisikiliza kwa muda nikijiuliza ni nani, kisha nikatambua ni mke wangu. Sikuwa nimewahi kumsikia akicheka hivyo.

Nikazunguka ua. Niliwakuta wote wanne nyuma ya jiko la jirani, upande wa kivuli, upepo unawapiga, wamejifunga mablanketi mpaka shingoni. Mjane alikuwa amekaa juu ya gunia, vidole vyake vimekakamaa kwa baridi. Waliponiona walinyamaza kwa pamoja, kama darasa mwalimu anapoingia.

"Kwa nini mnakaa huku kwenye baridi," nikauliza, "na kwetu kuna jua?"

 Muuza vitunguu, ambaye mdomo wake haukuwa na breki, akasema, "Kule kuna ofisi, shemeji."

Jirani alijiziba mdomo kwa kanga. Mke wangu aliangalia chini. Mjane peke yake ndiye aliyesogea kidogo kwenye gunia na kuniambia, "Karibu ukae." Hapo ndipo aibu iliponipanda. Nilijifanya nimekuja kuuliza ufunguo wa stoo, na ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu.

Jioni nilimwuliza mke wangu kwa nini hakuniambia.

"Ningekuambia nini?" akasema. "Nyumba ni yako."

Alisema bila hasira. Ningepokea hasira vizuri zaidi.

Kesho yake nilikihamisha kiti, nikaanza kutoka asubuhi. Nilivaa koti na kuaga kana kwamba nina miadi. Sikuwa na pa kwenda. Nilikwenda kwa fundi viatu karibu na stendi, nikakuta wastaafu wengine watatu wamekaa pale, wote viatu vyao vizima. Hakuna aliyemwuliza mwenzake amefuata nini.

Wanawake wakarudi ukutani, jirani na muuza vitunguu. Mjane hakurudi. Mwezi ule wa baridi ulikuwa umemmaliza magoti, na mwanawe alikuja kumchukua, akampeleka Msanzi akaishi naye shambani. Mke wangu hakusema kwamba ni kwa sababu ya kukaa kivulini. Nilijiambia hivyo mwenyewe, mara nyingi, hata katikati ya misa.

Mavuno yaliyofuata nilimwambia mke wangu twende tukamsalimie. Alikubali haraka, akafunga sukari na sabuni kwenye kikapu. Tulipanda pikapu, nikakaa nyuma juu ya magunia na mgongo wangu mbovu, na kila shimo nililitaja kwa jina. Tulipovuka daraja la ule mto nilinyamaza. Nilikuwa nimejiandaa. Nilikusudia kumwambia kwamba nimeulizia, kwamba zamani palikuwa na kivuko cha magogo, kwamba lori lingeweza kupita. Sikuwa nimemwuliza mtu yeyote.

Tulimkuta juani, mbele ya nyumba ya mwanawe, miguu imefunikwa blanketi. Alifurahi mpaka machozi. Tulikula ugali wa ulezi na maharage, wajukuu wamejaa, na mimi nikaona ndio wakati.

"Shemeji," nikasema, "waambie wajukuu ulivyoolewa."

Macho yake yalichangamka. Akaweka mikono magotini.

"Nilitembea," akawaambia. "Kutoka hapa mpaka Sumbawanga, kwa miguu, kama wote. Viatu nilivishika mkononi visichakae. Mto tulivuka kwa kukanyaga mawe, maana daraja halikuwepo."

"Bibi, si ulikuwa unasema lori?" akauliza mjukuu mmoja wa kike.

"Lori nililichanganya na siku nyingine. Huyu babu yenu ni dereva, barabara zote anazijua."

Wajukuu wakanigeukia kwa heshima. Nikajikakamua.

"Shemeji, hapana. Nimeulizia. Palikuwa na kivuko cha magogo. Lori lilipita. Mimi ndiye niliyekosea."

Alinitazama muda mrefu, kwa huruma, kama anayemtazama mtu asiyejua kudanganya.

"Acha tu," akasema. "Hata hivyo tulifika." Akamtuma mjukuu alete maji tunawe.

Tuliporudi, pikapu ilijaa zaidi ya asubuhi. Njiani tulisimama kusubiri kundi la ng'ombe wa wafugaji waliohamia kutoka Usukumani livuke barabara. Vumbi lilipotulia nilimwuliza mke wangu kama nilifanya vibaya kumdanganya.

"Wewe," akasema, akikaza kanga kichwani, "siku zote unataka kutengeneza kitu." Kisha akaniegemea, kwa sababu ya baridi au kwa sababu nyingine, sikujua, na kwa mara ya kwanza sikumwuliza.

Naendelea kutoka asubuhi. Wakati mwingine, upepo ukiwa mkali, mke wangu ananiambia, "Leo kaa nyumbani." Nashindwa kujua kama anataka nibaki au ananionea huruma. Nasimama mlangoni na koti langu, nasikia mikeka inatandazwa nyuma ya nyumba, natafuta jibu usoni mwake. Halafu namwambia kuna mtu ananisubiri mjini, naye ananiambia nimsalimie.