Pumzi Juu ya Kipimahewa Namba Saba

Nimefundisha fizikia miaka thelathini, na sijawahi kumvumilia mwanafunzi aliyeanza jibu lake kwa "watu wanasema". Kwa hiyo sitakueleza la kusikia. Haya niliyaona kwa macho yangu, nikiwa timamu, nikiwa nimekunywa chai tu, na vipimo vyake ninavyo hadi leo. Anayetaka kunikanusha aje kwanza avisome.

Nilipostaafu, kikundi cha watafiti kiliniomba nisaidie kusimamia vipimahewa vyao. Ni visanduku vyeupe vya kutundikwa ukutani; hunyonya hewa, hupima vumbi na moshi uliomo, kisha hutuma data kwa mtandao wa simu. Vilikuwa Kitengela, Kajiado mjini, Bisil na Kiserian. Modeli ya kompyuta huvisoma vyote na kukadiria usafi wa hewa hata pale pasipo na kisanduku. Kazi yangu ilikuwa kufuta vipimo vyenye kasoro kila asubuhi kabla modeli haijavitumia. Ukifuta kipimo, modeli huziba pengo kwa wastani wa majirani, na ramani inayochora hubaki ya kijani, rangi ya hewa safi.

Namba saba ilikuwa pembezoni mwa Kitengela, kwenye ukuta wa nyumba ya mabati ya Mama Naserian, mjane aliyeishi na binti yake wa miaka minne. Kila siku, saa kumi na moja na nusu alfajiri, kipimo chake kilipanda kupita vyote, kisha kikashuka kabla ya jua kuchomoza. Nyuma ya nyumba hiyo palikuwa na karakana ya kuyeyusha betri kuukuu za magari. Nilimwuliza mwenye karakana, bwana wa adabu na suti nzuri, naye akaniambia kwamba hawawashi tanuru kabla ya saa mbili. Nilimwamini, mimi nisiyeamini maneno ya watu. Tena kipimo kilipanda hata Jumapili, siku ambayo lango lao hufungwa kwa kufuli. Chombo kinachoona moshi pasipo moto si kibovu? Ndivyo nilivyohitimisha, nikafuta. Nilifuta kwa wiki tano.

Jumamosi moja Kemunto, msimamizi wa data, alinipigia simu.

"Mwalimu, hiyo namba saba iko na ugonjwa gani? Tuitoe tu, tuweke kwingine."

"Usiitoe kabla sijaiona ikikosea."

"Sawa, daktari," akasema, akicheka.

Alfajiri ya Jumapili nilikwenda, nikiwa na kipimahewa cha pili mkononi kwa ajili ya kulinganisha. Umande mzito huweza kudanganya vyombo hivi, lakini siku hiyo hapakuwa na umande wala upepo. Lango la karakana lilikuwa na kufuli, na bomba lake halikutoa moshi. Niliinama kutazama saa. Nilipoinua macho, mwanamume alikuwa amesimama chini ya kisanduku.

Alivaa koti zito la mlinzi na kofia ya sufu iliyovutwa hadi kwenye nyusi. Nilimwamkia kwa Kimaasai, "Supa." Hakuitika "Ipa" kama ilivyo desturi. Alikiinulia kisanduku uso wake, akapumua polepole, kama mtu anayepulizia kioo kabla ya kukipangusa. Namba mkononi mwangu zikapanda. Nikatazama simu: namba saba nayo imepanda vilevile. Vyombo viwili, kipimo kimoja. Niambie, msomaji, hiyo ni kasoro ya chombo kipi?

"Ni wewe unafuta?" akaniuliza kwa sauti ya kukwaruza.

"Nafuta makosa."

"Siku sita ni moshi wao, mzee. Wanawasha saa kumi na moja, mkiamka wamezima. Leo ni mimi peke yangu. Kama si hii Jumapili, ungekuja?"

Aliweka kiganja juu ya bati, usawa wa kitanda.

"Mtoto analala hapa. Na yeye utamfuta lini?"

Akakohoa, akalielekea lango lililofungwa. Hakulifungua, hakulipanda, na hakuwa upande huu tena. Niamini. Namba zikashuka. Kulipopambazuka nilikagua vumbi lote la uwanja: nyayo zilikuwa zangu tu.

Mama Naserian alitoka na ndoo. "Mwalimu, mbona unasimama kwa nyumba ya watu kama askari wa kanjo?"

Nilimweleza habari za koti na kofia. Aliweka ndoo chini, lakini hakushtuka.

"Huyo ni Baba Naserian. Alikuwa mlinzi wa karakana hapo nyuma, kifua kikammaliza mwaka jana. Sisi humsikia akikohoa. Nilifikiria mashine yenu inamsikia pia."

Ndani, mtoto alikohoa, kikohozi kikavu kisicho cha umri wake.

Jumatatu nilijibanza kando ya ua tangu saa kumi. Saa kumi na moja tanuru liliwashwa, na moshi, kwa sababu ya ubaridi, haukupaa. Ulitambaa chini moja kwa moja hadi kwenye nyumba ile. Siku hiyo nilirudisha kila kipimo nilichokifuta. Modeli ilipokokotoa upya, mtaa mzima uligeuka mwekundu kwenye ramani. Kemunto hakucheka.

Naserian alipelekwa kwa bibi yake kule Bisil. Madaktari waliikuta risasi, madini ya betri, katika damu yake. Anaishi, lakini baadhi ya maneno aliyokuwa ameyajua hayasemi tena. Karakana ilifungwa, mwenyewe alihama, wala hakuna anayejua alikohamia.

Mwezi uliopita kipimahewa kimoja cha Kiserian kilianza kupanda saa kumi na moja na nusu alfajiri, Jumapili zikiwemo. Hakuna mtu aliyefuta vipimo vyake. Modeli ilivifuta yenyewe. Wiki zile tano ilikuwa ikijifunza kutoka kwa mkono wangu kipi ni kosa, na hadi leo tumeshindwa kuisahaulisha.

Basi, kama pana kisanduku cheupe ukutani kwenu, usiridhike na ramani ya kijani. Toka mwenyewe alfajiri, unuse. Ukimkuta mtu amesimama hapo akipumua, usimfukuze. Msikilize mpaka amalize.