Sponji ya Bwana Afya

Shangazi yangu Costancia amefua shuka za gesti moja pale Mikumi, kando ya barabara kuu, kwa miaka kumi na tisa. Madereva wa malori husema juu ya shuka zake unaweza kumwaga ugali ukala. Yeye ni mtu wa kijiji cha Malolo, na mama yake ndiye aliyekuwa akifua vitambaa vya kanisa. Vidole vyake vimechubuka kwa dawa ya madoa. Sijawahi kumsikia akilalamika.

Mwaka jana mwanawe wa pekee, Brightness, alifariki akiwa na miaka kumi na mitatu. Aliacha kobe wa maji, mpana kama sahani, ndani ya tangi la kioo. Baba yake alimnunulia Dar, kwenye duka la samaki wa mapambo. Brightness alimwita Bwana Afya kwa sababu kila kilichowekwa ndani ya tangi lazima akikague kwa pua. Siku za mwisho Brightness alisema, "Mama, huyu usimwache." Shangazi akajibu, "Simwachi."

Baada ya msiba maji yakaanza kunuka. Shangazi aliyamwaga yote kila jioni, asubuhi yananuka tena. Kobe akasusa dagaa, macho yakavimba yakafumba. Ndipo tukapanda basi kwenda Morogoro kutafuta filta ya kuchuja maji.

Muuzaji wa duka la samaki alikuwa kijana, Emanueli.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Nataka filta ya kobe."

"Tangi lita ngapi?"

"Ndoo kubwa tano. Mia."

"Ungekuwa na samaki ningekupa hii ndogo, ya kuzamisha ndani. Lakini kobe mmoja anachafua kama samaki ishirini, mama. Kobe hapimiwi kwa tangi, anapimiwa kwa choo chake. Chukua hii inayokaa nje, ya lita mia mbili."

Shangazi hakucheka. Alizishika zote mbili, akazigeuzageuza.

"Hii kubwa inafunguka nikitaka kuisafisha?"

"Inafunguka."

"Basi hiyo."

Optatus, fundi umeme wa gesti, alikuja kuifunga. Kesho yake maji yaling'aa mpaka ukaona mchanga wa chini. Kila alfajiri Shangazi alifungua filta, akatoa sponji inayonasa uchafu, akaifua kwa sabuni na dawa ya madoa pamoja na shuka, akaisuuza, akairudisha nyeupe.

"Mama Brightness," Optatus alimtania, "kobe wako anaoga kuliko mimi!"

"Hilo halihitaji kobe. Hata mbuzi anakushinda."

Lakini kobe alizidi kudhoofika. Wiki ya pili ilipoisha alikuwa ameegemea jiwe lake, shingo imelegea. Shangazi akampigia Emanueli, simu akaiweka sauti kubwa, akamweleza macho yaliyofumba.

"Sponji unaisafishaje, mama?"

"Kama shuka. Kila siku. Na dawa naweka."



"Mama, ndani ya ile sponji kuna vijidudu vidogo sana, ndivyo vinavyokula sumu ya choo chake. Ukiifua unaviua. Maji yanang'aa, sumu imo. Na hiyo dawa inazidi kumchoma macho."

"Unataka niache uchafu?"

"Uache. Wiki nne usiiguse. Punguza maji robo, kila baada ya siku moja, uweke ya bomba yaliyolala kwenye ndoo wazi dawa yake itoke. Sponji ikiziba kabisa, iminye kwenye maji ya tangi lenyewe. Sabuni hapana."

Shangazi alikata simu, akakaa juu ya beseni lililopinduliwa. Akaitazama mikono yake.

"Na Brightness nilimfuta kila asubuhi," akasema. "Nilipiga deki chumba na dawa hiyohiyo."

Nilimwambia ugonjwa wa Brightness ulikuwa wa damu, daktari alisema. Akaitikia kwa kichwa. Sidhani kama maneno yangu yalimfikia.

Wiki zile zilikuwa ngumu kwake kuliko kubeba maji. Sponji, iliyoonekana kupitia plastiki ya filta, ilianza kuwa ya manjano, kisha kahawia. Alfajiri alisimama mbele ya filta, mikono ameibana kwapani, halafu akaenda kwenye shuka. Mgeni mmoja aliichungulia filta akasema, "Mama, hii gesti siku hizi mnafuga tope?" Shangazi alimpa ufunguo wa chumba.

Siku ya ishirini na tatu kobe alifungua jicho la kushoto. Siku mbili baadaye, la kulia. Shangazi akamdondoshea dagaa mmoja. Kobe akamkagua kwa pua, muda mrefu, kisha akamng'ata.

Wiki ya tano sponji ilipoziba, Shangazi alichota maji ya tangi kwenye kopo, akaiminya mara mbili, taratibu, akairudisha ikiwa bado kahawia. Akajifuta mikono kwenye kanga yake, bila kunawa.