Leo Ni Zamu ya Ungo

Wewe unayenisikiliza, kabla sijaanza, tazama kulia kwako. Kuna kitu hapo: kikombe, kiatu, ndoo, chochote. Umekiona? Sasa niambie mwanga unakiangukia upande gani. Kama hukuwa umeangalia, usione haya. Mimi niliishi na sufuria zangu miaka mingi bila kuangalia, na nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mtu anayelipwa kuwaeleza wengine mambo. Nitakusimulia polepole jinsi nilivyojifunza, na jinsi somo hilo lilivyonifikisha mahali ambapo mkwe wa Kisukuma hatakiwi kufika, yaani mbele ya uso wa mama mkwe wake.

Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara ilipoachiwa huru, pale Bariadi, wakati tukiwa bado mkoa wa Shinyanga. Maduka ambayo kwa muda mrefu yaliuza chumvi na maelezo ya kwa nini hakuna sabuni yakaanza kujaa. Ukakuta betri, redio, viatu vya plastiki, mafuta ya kujipaka ya kila harufu. Wanunuzi wa pamba walikuja na malori yao wenyewe. Mnadani, pembeni ya mazizi ya ng'ombe, mitumba ilimwagwa juu ya maturubai. Huko ndiko nilikokuta kamera, ndani ya mfuko wa koti zito la sufu. Muuzaji akasema ninunue vyote viwili au niache vyote viwili. Nikarudi nyumbani jua likiwaka nimevaa koti la nchi ya theluji, jasho linanitiririka, na mke wangu akaniuliza kama malaria imepanda kichwani.

Kamera haikuwa na kijitabu cha maelekezo. Kwenye lenzi kulikuwa na alama tatu: kichwa cha mtu, watu wawili, na mlima. Maana yake ni rahisi. Kitu kikiwa karibu, unazungusha lenzi hadi kwenye kichwa. Kikiwa mbali kidogo, watu wawili. Kikiwa mbali sana, mlima. Lakini hapakuwa na wa kunieleza. Mimi nilidhani ni orodha ya vitu vinavyoruhusiwa kupigwa picha, na kwa kuwa nje ya nyumba yangu hapakuwa na mlima, alama ile niliiheshimu nikaiacha.

Nilianza kujifunzia kwa watu. Mtu wa siku zile ukimwelekezea kamera, alikwenda kwanza kuoga. Ulitaka kumpiga akipukuchua mahindi. Alirudi amevaa suti ya kaka yake, ameshika redio, amebana pumzi kama anayechomwa sindano. Kesho yake alfajiri yuko mlangoni anadai picha. Nikaona nitafute viumbe wanaoweza kumvumilia mwanafunzi. Sufuria haifumbi macho. Kinu hakiulizi picha itatoka lini. Basi nikajiwekea utaratibu: kila asubuhi kabla ya kwenda shule, kitu kimoja cha nyumbani, picha moja, basi. Nilikiweka kwenye kigoda pale mlangoni, kwa sababu mwanga wa asubuhi unaingia mlangoni kwa upande, na mwanga wa upande ndio unaoonyesha mikunjo ya kitu. Wa mbele unakilaza kama chapati.

Nilikuwa na jirani, karani wa zamani wa ghala la pamba, aliyekuwa hana tena ghala. Kila asubuhi alisimama upande wake wa uzio wa minyaa na kikombe cha chai, akinisubiri tuamkiane kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, Mwalimu!"

"Mwangaluka!"

"Leo zamu ya nani?"

"Ya jiko la mkaa."

"Mwambie asinune. Jana ndoo ilinuna sana."

Likizo ilipofika nikapanda basi kwenda Mwanza kusafisha mkanda. Yule fundi wa picha alizipanga juu ya kaunta moja moja: sufuria, ufagio, kibatari, kinu, beseni, mto wa kulalia. Akazitazama, akanitazama, uso ukamwingia huruma.

"Pole sana, Mwalimu. Wamekamatwa?"

"Nani?"

"Waliokuibia."

Nilimweleza kwamba vitu vyote viko nyumbani salama. Huruma haikupungua, ila ilibadilika kidogo. Hata hivyo ndiye aliyenieleza maana ya zile alama tatu, na nilipotazama tena zile picha nikaelewa kwa nini ufagio wangu ulionekana kama mtu aliyepita mbio.

Mkanda wa pili ulitoka vizuri zaidi. Na hapo ndipo mama mkwe alipofika kutoka Nkololo, na mfuko wa michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, na jambo lililomkaa rohoni.

Nikueleze kwanza desturi, maana bila hiyo hutaona ugumu uko wapi. Kwetu, mkwe wa kiume na mama mkwe wake wanaheshimiana kwa kukaa mbali. Hawapeani mikono, hawali pamoja, hawatazamani usoni. Mkwe akikaribia ua alimo mama mkwe, anakohoa kwanza, ili mama apate nafasi ya kuondoka. Wakiwa na la kuambiana, linapitia kwa mtu wa tatu, hata kama wote wawili wanasikia. Kwa miaka yote ya ndoa yangu, mama yule nilimjua kwa sauti yake na kwa kisigino chake kikipotea nyuma ya jiko.

Jambo lenyewe lilikuwa hili. Kitinda mimba wake alikuwa akiishi Morogoro na watoto wake, ambao hawajawahi kumwona bibi yao. Dereva mmoja wa lori la pamba, kijana wa Nkololo, alipita kuwasalimia, akarudi na habari. Ukutani pale Morogoro kulikuwa na kalenda ya mafuta ya kupikia yenye picha ya bikizee anayecheka. Watoto walikuwa wameamua kwamba huyo ndiye bibi wa Bariadi. Walimwamkia kila asubuhi.

"Shikamoo wanampa yule!" alilalamika mama mkwe jikoni, nami nimekaa sebuleni nasikia kila neno. "Mimi niliyemzaa baba yao, shikamoo zangu zinaliwa na mafuta ya kupikia!"

"Mayu, ni watoto tu," mke wangu akamwambia mama yake.

"Na yule ana meno yote. Mimi sina. Siku wakija watasema mimi ndiye wa bandia."

Dereva alikuwa amebakiza safari chache kabla ya msimu wa pamba kwisha. Mama mkwe alitaka picha yake iende Morogoro, ing'oe ile kalenda. Alikwisha kwenda kwa mpiga picha wa mjini. Huyo alimsimamisha mbele ya pazia lililochorwa ndege yenye ngazi, akamwambia anyooshe mguu kama anayepanda. Mama aliondoka hapohapo.

"Watoto watadhani niko njiani," alisema. "Wataenda kunisubiri uwanja wa ndege."

Ikabaki kamera moja tu, na nyuma yake mtu mmoja asiyeruhusiwa kumtazama.

Nikapata wazo ambalo hadi leo naona lilikuwa zuri. Ningetayarisha kila kitu mimi, kisha mke wangu abonyeze. Ili kupata umbali na urefu sawasawa, nilipandisha mtungi wa maji juu ya kigoda, nikaufunga kanga ya mama mkwe, na juu nikafunika bakuli kuwa kichwa. Nikalenga, nikazungusha lenzi, nikaiweka kamera juu ya meza na kuiegesha kwa matofali isisogee.

"Mwalimu!" jirani akaita kutoka kwenye minyaa. "Bi mdogo huyo kafika lini?"

"Ni mtungi!"

"Usimtukane mke mbele za watu!"

Nikaondoa mtungi, nikaenda nyuma ya nyumba, nikasimama kuangalia ukuta kama mtoto aliyepewa adhabu. Mama mkwe akatoka, akakaa kwenye kigoda. Upepo ukavuma, vumbi likanipanda puani na kooni, nami nikakohoa.

Kumbuka nilichokueleza kuhusu kikohozi. Kule mbele nikasikia kigoda kikikwaruza, na kamera ikilia ka!

"Mayu, kaa!"

"Nikae vipi, na mwenzio anakuja?"

"Haji! Anakohoa tu!"

"Tangu lini mkwe anakohoa bure?"

Mke wangu alikuwa amebonyeza kwa mshtuko. Akataka kurudia, lakini mama mkwe akasema hapana, alihisi kabisa kwamba picha ilimkamata kabla hajainuka, tusubiri. Mkanda ukapelekwa Mwanza na kondakta wa basi. Picha zilipokuja, ile ilikuwa bora kuliko zote nilizowahi kuona. Kigoda kilionekana kila mstari wa mbao, mwanga umekilalia ubavuni vizuri sana, na pembeni ncha ya kanga ikitoka nje ya picha. Mama mkwe aliishika muda mrefu.

"Mimi nimekwenda wapi?" aliuliza.

Hakuna aliyecheka. Dereva alikuwa amebakiza safari moja. Jioni ile hakula michembe yake. Nilimsikia akimwambia binti yake kwamba basi, yule wa kalenda aendelee, pengine naye hana wajukuu.

Asubuhi nikakuta mlango wa uani uko wazi, na pale kwenye kigoda changu, mahali pangu pa kila siku, mama mkwe amekaa na ungo magotini, anapepeta mchele. Nikakohoa. Hakuinuka. Nikakohoa kwa nguvu zaidi.

"Mwambie mumeo nimemsikia," alimwambia mke wangu, macho yakiwa kwenye mchele. "Mwulize, vyombo vya nyumba hii vyote si vimepigwa picha?"

"Mama anauliza kama vyombo vyote vimepigwa," mke wangu akasema, akijikaza asicheke.

"Mwambie karibu vyote," nikasema.

"Karibu vyote, mayu."

"Ungo je?"

Nikafikiri. Ungo kweli ulikuwa bado.

"Basi mwambie aupige ungo, kama anavyopiga vyombo vingine. Mimi sina habari naye, nina kazi. Mtu akipiga picha ungo, na ungo una mwenye kuushika, hilo ni kosa la ungo."

Mke wangu hakuona haja ya kurudia hilo. Nilichukua kamera, nikapiga magoti, nikazungusha lenzi hadi kwenye kichwa. Nilitazama ungo. Naapa mbele yako, nilitazama ungo, ukingo wake uliofungwa kamba ya ngozi na punje zikiruka. Kwamba juu ya ungo palikuwa na kitu kingine ndani ya kile kidirisha kidogo, hilo sikuweza kulizuia. Lakini uso ulikuwa umeinama, na mwanga wote ulikuwa ukiishia kwenye kilemba. Kumwambia ainue kichwa nisingeweza. Nikasubiri.

Hapo, kutoka kwenye minyaa, na chai yake mkononi:

"Mwangaluka, Mwalimu! Leo zamu ya nani?"

Aliyejibu ni mama mkwe, kwa sauti ya kupigia ng'ombe:

"Ya ungo!"

Na aliposikia jibu lake mwenyewe akainua uso akacheka, kicheko chenye mapengo yote, mwanga wa upande ukiwa umeingia katika kila mkunjo. Nikabonyeza.

Mkanda ukaenda tena Mwanza na kondakta, na dereva akaondoka na picha ile ndani ya daftari la safari. Aliporudi alisema kalenda imetolewa, wakafungia vitumbua. Watoto wanagombania nani atamwamkia bibi kwanza. Ila mdogo wao, ambaye hajawahi kuona ungo mkubwa namna ile, ameutazama ule mduara magotini na kuwatangazia wenzake mtaani kwamba bibi yake anaendesha basi.

Nilidhani mama mkwe ataudhika. Nikamsikia jikoni akimwita binti yake.

"Mwambie mumeo," akasema, "mtu yeyote asiende kumsahihisha huyo mtoto."

Basi kesho asubuhi, wewe unayenisikiliza, weka kigoda mlangoni, mpe mzee wako kitu alichozoea kukishika, kilenge kitu hicho, na usibonyeze mpaka acheke.